Mwanya Uliokuja Wenyewe

9 Februari

Mume wangu Cheche,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza kabla sijavuta kiti. Mistari minne, na miwili kati ya hiyo inahusu saruji. Mimi nimeolewa na mchomeleaji wa vyuma, habari za saruji waachie waashi.

Najua huko kwenye bwawa lenu simu haishiki, na dereva wa lori hangoji mtu amalize kuandika. Lakini ulipoondoka mwaka juzi ulikuwa unaniandikia mpaka rangi ya chai ya kambini. Siku hizi ni hatujambo, kazi inaendelea, salamu. Barua ya namna hiyo hata msoma mita za maji anaweza kuniletea. Sigombi, nasema nilichokiona.

Nakutumia picha. Sikukusudia kucheka. Mpiga picha wa ile studio iliyo mkabala na duka langu aliniambia nitulie kama mkwe ugenini, nikaangua kicheko, naye akabonyeza hapo hapo. Nilimwomba arudie akakataa, eti hiyo ndiyo picha. Usiichunguze sana. Angalia gauni, nimelishona mwenyewe na ile kola imenitoa jasho.

Upande wako wa kitanda nimeweka vitambaa vya wateja. Ukirudi nitavitoa.

Mkeo,
Cherehani

*

2 Machi

Cherehani wangu,

Mwanya umeupata lini?

Gauni sijaliona. Ukiniuliza habari ya kola nitakudanganya. Nimefungua bahasha nikiwa bado na glavu za kazi, picha ikanitazama, nikakaa chini palepale juu ya bomba nililotoka kulichomelea, na suruali imeungua kidogo nyuma. Umecheka mpaka jino la mwisho, na pale mbele, katikati ya yale meno mawili ya juu, kuna mwanya. Mke wangu ana mwanya! Mimi ninayekumbuka meno yako yamebanana, unakata nayo uzi kwa mara moja, kwaa, kisha unanitazama kama umenikata mimi.

Nimeibandika juu ya kitanda changu. Mpishi wa kambi alipita akauliza, "Huyu ni shemeji au mdogo wake shemeji?" Nikamwambia achunge midomo yake na sufuria zake. Toka hapo kila anayeingia bwenini anakuja kusalimia ukuta. Fundi bomba ameapa kwamba mwanamke mwenye mwanya akimwita mtu lazima aende, hata kama ana homa.

Unanisikia lakini? Nimekukumbuka. Si kukumbuka kwa kuandika mwishoni mwa barua. Nimekukumbuka hata nikiwa nimevaa kinyago cha kuchomelea, cheche zinaruka, mimi nakuona wewe. Jana nimerudia mshono mmoja mara mbili kwa sababu yako, na msimamizi akanifokea.

Likizo yangu ni Juni. Usiuzibe huo mwanya, na usiuonyeshe ovyo mpaka nije. Barua hii ina kurasa tatu, uhesabu mwenyewe.

Mumeo aliyeungua suruali,
Cheche

*

14 Machi

Wifi yangu mkunga,

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na pia kwa sababu uko mbali na huwezi kunipiga.

Mdogo wako Cheche ameniandikia barua ya kurasa tatu. Mwaka mzima nimekuwa napata mistari minne. Nilishaanza kufikiri kuna mtu huko anampikia. Sasa nimemtumia picha, na amependa mwanya wangu mpaka amechoma suruali. Nimeisoma ile barua nikalia, nikaisoma tena nikacheka, huku nimeziba mdomo kwa kiganja, maana sasa ndivyo ninavyocheka.

Wifi, ule si mwanya, ni ugonjwa. Nilikuwa naona damu kila nikipiga mswaki, nikasema mswaki ni mgumu. Nikabadilisha mswaki. Damu ikaja kwenye mto. Kinywa kikaanza kunuka, harufu ambayo hata karafuu haifichi. Nikaenda kwa daktari wa meno, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akaingiza kijichuma chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, na kile kijichuma kikazama, wifi, kikazama kama sindano kwenye pamba. Akaniambia fizi zimeachia meno, chini yake kuna mifuko imejaa ukoga uliogeuka jiwe, na mfupa unaoyashika meno unaliwa polepole bila kuuma. Ndiyo maana yale mawili ya mbele yamesogea yakaachana.

Dawa yake ni kusafishwa ndani, chini ya ufizi, upande mmoja kwanza kisha mwingine, kwa sindano ya ganzi. Nikamuuliza, na mwanya je? Akafurahi, akadhani ananipa habari njema. Akasema fizi zikipona, meno yaliyosogea huweza kurudiana, mwanya ukapungua au ukafunga kabisa.

Nikamwambia nitarudi. Nitarudi baada ya Juni. Acha auone kwanza, hata mara moja, kwa macho yake. Najua ni ujinga. Lakini ule mwanya ndio ulionirudishia mume wangu.

Usimwambie.

Wifi yako

*

22 Machi

Wifi,

Mimi nazalisha watu mwaka wa ishirini huu, nimesikia wanawake wakisema mengi wakiwa na uchungu, lakini hili lako sijalisikia. Unafuga ugonjwa ili mwanamume aje autazame?

Mdogo wangu namjua. Alipokuwa mdogo alimpenda mbuzi mwenye pembe moja, na mbuzi alipokufa akampenda mwingine. Atapenda chochote utakachomwonyesha. Nenda kasafishwe.

Sitamwambia, kwa sasa. Lakini mwezi wa sita nina safari ya kuja huko, na nikifika utafungua mdomo nitazame. Usinipige chenga.

Wifi yako mkubwa

*

3 Aprili

Mume wangu,

Kurasa tatu nimezihesabu. Moja na nusu ni za mwanya, lakini nimesamehe.

Ulikuja wenyewe. Niliamka tu nikaukuta, nami nikamkaribisha mgeni. Sikati tena uzi kwa meno, siku hizi natumia mkasi kama watu wastaarabu. Pini pia nimeacha kuzibana midomoni, nimeshona kimto kidogo cha pini nakivaa mkononi, nazichomeka hapo. Wateja wanasema nimekuwa na adabu, naongea taratibu na mkono mdomoni. Waache waseme.

Mimi nakukumbuka asubuhi. Kikombe chako nakiosha na vyombo vingine ingawa hakuna aliyekitumia. Nikisikia mtu anagonga chuma huko kwa mafundi wa mageti, mguu wangu unaacha kukanyaga pedali na cherehani inasimama katikati ya pindo. Kisha nakumbuka kwamba wewe uko mbali, naendelea.

Njoo Juni. Usichelewe hata kidogo. Sisemi kwa mapenzi tu, kuna sababu nyingine, utaiona ukifika.

Mkeo mwenye mwanya,
Cherehani

*

19 Mei

Cherehani wangu,

Sijui nianzie wapi. Likizo imefutwa, si yangu peke yangu, ya wachomeleaji wote.

Mkaguzi amekuja kukagua mageti ya bwawa. Kwa juu mishono inang'aa, unaweza kujitazama usoni. Akaleta mashine yake ya kupimia, akakuta chini kuna taka. Waliotangulia kabla ya kikundi chetu walichomelea juu ya uchafu. Hakuna cha kuziba wala kupaka rangi, inabidi tuchimbue kila mshono, tugonge, tusugue mpaka tukute chuma safi, ndipo tuchomelee upya. Maji yangekuja yakalikuta geti lile vile lilivyokuwa, lingefumuka. Wanasema mpaka mwisho wa mwaka.

Nimeshika tama hapa kitandani na wewe unanichekea ukutani. Nakuomba usinikasirikie. Nilishanunua begi. Nilishamwambia mpishi kwamba Juni asinipikie.

Nimeizoea picha mpaka nikifumba macho naona mwanya kwanza, kisha wewe unakuja nyuma yake. Utunze. Desemba si mbali.

Mumeo,
Cheche

*

10 Juni

Mdogo wangu,

Sitamung'unya maneno, nina mjamzito ananisubiri.

Nimetoka kwa mke wako. Nilikaa naye siku chache. Foronya ya mto wake ina madoa ya damu, anaifua kabla jua halijatoka ili nisione. Ndizi mbivu anaikata vipande vidogo kama anamlisha mtoto. Nilimshika kidevu kwa nguvu nikatazama. Moja ya yale meno mawili ya mbele linatikisika. Nimeligusa kwa kidole changu, likasogea.

Ule mwanya unaousifu kwa kurasa tatu tatu ni ugonjwa wa fizi. Daktari alimwambia toka Machi asafishwe, amekataa. Anakungoja wewe. Ameambiwa akipona mwanya huenda ukafunga, na anaogopa ukifunga na wewe utafunga mdomo, urudi kwenye mistari minne. Na sasa nasikia huji mpaka Desemba. Kufikia Desemba hakutakuwa na mwanya, kutakuwa na pengo.

Kwangu mimi haambiliki wala hasemezeki. Labda wewe atakusikia, maana wewe ndiye unayemvisha kilemba cha ukoka.

Dada yako

*

28 Juni

Mke wangu,

Dada ameniandikia. Usimkasirikie, au mkasirikie kidogo kisha umsamehe.

Nimekasirika mimi. Umeniona mtu wa namna gani? Kwamba ningekuja, nikakuta jino linatikisika, nikafurahi? Nimeisoma barua yake, nikatoka nje nikazunguka kambi nzima, nikarudi nikaisoma tena. Kisha nikaitazama picha, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba umeinua mkono, ulikuwa unataka kuziba mdomo na mpiga picha akakuwahi. Miezi yote hii nautazama ule mkono nadhani unanipungia.

Nakuambia ukweli. Mwanya niliupenda, sitakataa leo kwa sababu ya aibu. Lakini lililonishtua halikuwa uzuri wake. Mimi nimeondoka hapo na sura yako moja kichwani, na nimeitumia kila siku mpaka imechakaa, imekuwa kama shati la kazi. Nilikuwa naandika mistari minne kwa sababu sikuwa naona tena ninayemwandikia. Ikaja picha, nikaona kitu kwako nisichokijua, kilichotokea bila mimi. Nilikuonea wivu. Nikakisifu ili kiwe changu pia.

Sasa nenda. Ninachimbua taka chini ya mishono toka asubuhi mpaka jioni, usinifanye nifanye kazi hiyo kwenye chuma cha serikali huku mke wangu anaozea mdomoni kwa ajili yangu. Na kila ukitoka kwa daktari niandikie wamekufanya nini, usiache kitu. Nataka niwepo.

Cheche

*

17 Julai

Mume wangu,

Dada yako nimemkasirikia kwa siku mbili, kisha nimemtumia kitenge.

Ile barua yako ya mageti niliisoma huku nimefunga mdomo. Nilidhani umejua. Nikaikunja nikaiweka chini ya cherehani, na kila nikikanyaga pedali naiona.

Nimeenda. Umesema nisiache kitu, basi vumilia. Wameanza upande wa kulia, juu na chini. Sindano ya ganzi inauma kidogo, halafu shavu linakuwa la mtu mwingine. Daktari akasema kama nikisikia maumivu niinue mkono. Sikuinua, si kwa ushujaa, mkono ulikuwa umeng'ang'ania kiti. Kwanza kuna kichuma kinachotetemeka na kurusha maji, kinalia kama mbu. Kisha akachukua vijichuma vya mkono, vyenye ncha iliyopinda, akawa anaingia chini ya ufizi, jino moja baada ya jingine, anakwangua kwenye mzizi. Hakuna maumivu, kuna sauti. Inasikika ndani ya fuvu. Nilikuwa nakusikia wewe kazini kwako, kana kwamba ulivyosema unataka uwepo, ukawepo kweli.

Akanionyesha kilichotoka. Vijiwe vyeusi juu ya kitambaa cheupe, vidogo kama mbegu za mchicha. Nikaona haya mbele ya yule binti. Akaniambia, "Mama, usione haya, hivi vimeshatoka."

Nilirudi dukani nusu ya uso haipo. Akaingia mteja, nikasema karibu, ikatoka sauti ya mlevi. Akaniuliza kama gauni lake liko salama.

Sasa nikuambie nililolificha. Nimekuwa nikiota unanikaribia, na mimi nageuza uso. Kila mara. Nakutaka mpaka kifua kinauma, na nageuza uso kwa sababu ya harufu. Naamka nimekunyima hata ndotoni. Hilo ndilo lililonichosha kuliko damu.

Cherehani

*

5 Septemba

Mume wangu,

Upande wa kushoto nao umekwisha. Nasukutua kwa maji ya chumvi, napiga mswaki laini asubuhi na jioni, na nina kiburashi kidogo kama cha kusafishia cherehani, nakipitisha kati ya meno. Daktari amepima tena kwa kile kijichuma. Hakizami kama zamani. Lile jino limeacha kutikisika, ila anasema nitarudi kwake kila baada ya miezi kadhaa maisha yangu yote, ugonjwa huu haufukuzwi ukasahauliwa.

Maji ya baridi yananichoma, nayanywa ya vuguvugu. Fizi zimenywea.

Kuhusu mwanya, umeanza kwenda. Mwanzoni sindano ya kushonea magunia ilikuwa inapita katikati bila kugusa kokote. Juzi nimejaribu, imekataa, imepita ya mkono tu. Daktari aliposikia napima kwa sindano alinifokea, na sauti yake ya upole yote ikaisha.

Niambie unasemaje.

Cherehani

*

30 Septemba

Mke wangu,

Umesema nikuambie. Niliposoma kwamba sindano ya magunia haipiti, moyo ulinishuka. Nimejigombeza, haukupanda. Mimi ndiye niliyekutuma, na mimi huyo huyo natamani uniachie kidogo, ya mkono tu, mpaka nifike. Nicheke basi.

Lakini ile ndoto yako nimeisoma zaidi ya yote. Siku hizi nikilala nakukaribia polepole, ili usiogope.

Mageti tumemaliza mawili, limebaki moja.

Cheche

*

16 Novemba

Mume wangu,

Sindano haipiti tena. Leo nimepitisha uzi mtupu, umenasa katikati, nimeukata kwa mkasi.

Kwa hiyo jua. Mwanamke wa kwenye picha hayupo. Aliyeko ana meno marefu kuliko uliyoyaacha, kwa sababu fizi zimenywea, na akitabasamu kuna vitundu vyeusi karibu na fizi, huku na huku. Amezeeka mdomoni kabla ya usoni. Usije ukasema hukuambiwa.

Ila damu hakuna. Foronya yangu ni nyeupe na naifua mchana. Nimekula muwa, kwa kuukata vipande, lakini nimeula. Jana mtoto wa jirani aliletwa dukani kupimwa sare, nikambusu shavuni, naye hakujifuta. Nilikaa nyuma ya pazia nikalia kidogo. Na usiku wa kuamkia leo umekuja tena ndotoni, sikugeuza uso.

Naogopa, Cheche. Nilikuwa na kitu kimoja kilichokurudisha kwangu na nimekiondoa kwa mkono wangu. Sijutii, ila naogopa.

Vitambaa bado viko upande wako wa kitanda. Kama uliyemtaka ni yule wa ukutani, niandikie tu, sitagomba, nitaviacha hapo hapo. Kama sivyo, niambie nivitoe.

Mkeo,
Cherehani

*

12 Desemba

Cherehani wangu,

Vitoe.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandika ndani ya lori. Dereva ameniuliza barua ni ya nani, nikamwambia ya mke wangu, akasema niiweke pamoja na nyingine kwenye mfuko wake. Nikakataa, hii nakuja nayo mwenyewe. Naijua hali yangu. Nikifika mlangoni maneno yote yatanikimbia, nitauliza habari ya mvua. Ndiyo maana nimeyaandika, nitakupa karatasi, usome wewe huku mimi natazama unavyosoma.

Nataka uyajue haya. Nataka kuyaona meno marefu. Nataka kuviona vitundu vyeusi, huku na huku, na unionyeshe vyote, kimoja kimoja, maana hivyo navyo vimetokea bila mimi na sitaki kuvikosa. Nimechoka kukupenda kutoka kwenye ukuta.

Tulipokuwa tunapanda lori mpishi alinikimbilia, anapiga kelele, ameishika ile picha. "Umemsahau shemeji!" Nikamwambia airudishe alipoitoa. Huyo abaki awachekee, amewazoea. Mimi nakwenda kwa mwenyewe.

Sasa weka karatasi chini, unitazame.

Hodi.

Cheche